Bendi za kuenzi roki: mwongozo kamili wa kuziona jukwaani na kuzifaidi

Onyesho la mwisho la bendi ya Queen wakiwa na mwimbaji wao Freddie Mercury lilifanyika Knebworth, Uingereza, tarehe 9 Agosti 1986. Aliyezaliwa baada ya hapo hana tena namna ya kumwona mtoto huyo wa Mji Mkongwe, Zanzibar, akiwa jukwaani na Queen. The Beatles waliacha mapema zaidi. Onyesho lao la mwisho la kiingilio lilikuwa San Francisco tarehe 29 Agosti 1966, na nyimbo zote walizorekodi baadaye hawakuwahi kuzipiga mbele ya umati uliolipa. Ukitaka kuzisikia zikitoka kwenye spika huku dramu kubwa ikikugonga kifuani, itabidi uende kwa bendi za kuenzi.

Wapenzi wa dansi wanazijua bendi za kopi, zile zinazookota wimbo kwa huyu na mwingine kwa yule ili watu wacheze. Bendi ya kuenzi haifanyi hivyo. Inajifunga kwa bendi moja tu, wakati mwingine hata kwa miaka fulani ya bendi hiyo, na kusoma kila kitu chake: sauti, gitaa lilivyofungwa nyuzi, mavazi, mpangilio wa nyimbo, hata maneno ya kuzungumza kati ya wimbo na wimbo. Wapo wanaodhani huo ni uigaji mtupu. Hatukubaliani nao. Muziki wa roki umeshafikia umri wa kuhitaji watu wa kuutunza, na kuutunza ni kuupiga watu wakiwa wamesimama mbele yako.

Mwongozo huu unamhusu zaidi msomaji aliye Uingereza, kwingineko Ulaya au Amerika Kaskazini, ambako bendi hizi hupiga kila wikendi, pamoja na anayepanga safari ya huko. Mfano tutakaorudi kwake mara kwa mara ni Queen, kwa sababu nyimbo zao wengi wanazijua hata kama hawajawahi kujiita mashabiki wa roki.

Kwanza, jua unaiendea bendi ya namna gani

Watu wengi hurudi nyumbani wamenuna kwa sababu moja: walitarajia kitu ambacho bendi haikuahidi. Soma tangazo vizuri kabla ya kutoa pesa.

Ziko bendi zinazovaa uhusika. The Bootleg Beatles, iliyoanzishwa mwaka 1980 na watu waliotoka kwenye onyesho la jukwaani la London, hubadilisha nywele na suti kadiri usiku unavyosonga kutoka miaka ya mwanzo ya The Beatles hadi ya mwisho, na huleta wapiga tarumbeta na fidla kwa nyimbo za baada ya 1966. Hapo unalipia macho na masikio kwa pamoja.

Ziko zinazotupa mavazi kando na kushughulika na sauti peke yake. The Fab Faux wa New York hawavai wigi wala suti. Kazi yao ni kukipiga kila kinachosikika kwenye rekodi za The Beatles kwa ala halisi. Ukienda kwao ukitafuta sura utakosa, ila ukienda na masikio utashiba.

Kisha kuna zinazojenga upya onyesho zima. The Musical Box kutoka Montreal hurudisha maonyesho ya Genesis ya miaka ya 1970 kwa ruhusa ya Genesis wenyewe. The Australian Pink Floyd Show, walioanzia Adelaide mwaka 1988, hubeba skrini ya duara, leza na waimbaji wa nyuma, na mwaka 1996 walialikwa kupiga kwenye sherehe ya David Gilmour wa Pink Floyd alipotimiza miaka 50. Dark Star Orchestra, waliotokea Chicago mwaka 1997, huchagua usiku mmoja wa Grateful Dead, wakapiga nyimbo za usiku ule kwa mpangilio uleule, na mwishoni ndipo hutangaza ulikuwa wa tarehe gani na mji gani. Mashabiki hukaa ukumbini wakibishana mwaka kwa kusikiliza tu.

Na ziko zinazopindua. The Iron Maidens wa Los Angeles ni wanawake watupu wanaopiga Iron Maiden. Dread Zeppelin walipiga Led Zeppelin kwa mdundo wa rege huku mwimbaji amevaa kama Elvis. Hizi ni za kufurahia ukishaijua bendi ya asili. Usizifanye za kwanza.

Kuchagua bendi ya kwanza

Chagua bendi ambayo tayari unazijua nyimbo zake walau kumi. Usiku wa kwanza haufai kuwa darasa la nyimbo mpya, kwa sababu raha kubwa iko katika kulinganisha kile kilicho kichwani mwako na kinachotokea mbele yako. Kwa asiye na uhakika, Queen, AC/DC na The Beatles ndizo rahisi kuanza nazo. Pink Floyd wanahitaji subira na ukumbi wenye mitambo mizuri, na Led Zeppelin wanahitaji mpiga dramu hodari kuliko kawaida, kwa hiyo bendi dhaifu hujulikana mapema.

Ukishapata majina mawili au matatu, ingia YouTube. Usitazame video ya matangazo, maana hiyo imehaririwa na mara nyingi sauti yake imerekodiwa studio. Andika jina la bendi, jina la ukumbi na mwaka, utafute video iliyochukuliwa kwa simu na shabiki. Sauti yake itakwaruza, lakini haijapambwa. Tazama mambo matatu. Je, mwimbaji anafika kwenye noti za juu wimbo ukiwa wa kumi na tano, au wa pili tu? Sauti za nyuma zinapotokea, midomo mingapi inafunguka? Mpiga dramu anashikilia mwendo, au wimbo unazidi kukimbia kadiri unavyoendelea? La tatu ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na ndilo linaloua roki haraka. Wimbo uliokimbizwa hukosa uzito.

Angalia pia tarehe za video. Wanamuziki wa bendi hizi hubadilika, na bendi uliyoipenda kwenye video ya miaka sita iliyopita inaweza kuwa na mwimbaji mwingine leo. Kuna tovuti ya setlist.fm inayoorodhesha nyimbo zilizopigwa usiku kwa usiku. Ukiona orodha ileile kwa miezi mingi, ujue onyesho limefungwa kama tamthilia. Ikiwa inabadilika, bendi inacheza na umati wake. Zote mbili zina utamu wake.

Tiketi

Bei hupanda kwa hatua tatu. Baa yenye jukwaa dogo inaweza kuwa bure au kiingilio cha noti moja. Ukumbi wa kusimama wa watu mia kadhaa unazidi hapo. Ukumbi wa maigizo wenye viti na bendi yenye jina hufikia bei ya chakula cha jioni cha watu wawili. Kwa mara ya kwanza tunashauri ya katikati. Baa ina joto lakini mitambo yake mara nyingi ni duni, na ukumbi wa maigizo una mitambo lakini watu hukaa wametulia hadi wimbo wa mwisho.

Nunua kwenye tovuti ya ukumbi wenyewe au kwa muuzaji ambaye ukumbi umemtaja. Kabla ya kulipa, soma jina la bendi neno kwa neno. Mabango huandika jina la bendi ya asili kwa herufi kubwa na neno la kuonyesha kwamba ni ya kuenzi kwa herufi ndogo chini yake, na kila mwaka kuna watu wanaofika mlangoni wakiamini wamekuja kuwaona wenyewe. Soma pia ada ya huduma, ambayo hujitokeza kwenye ukurasa wa mwisho wa malipo, na masharti ya umri. Uingereza kumbi nyingi za kusimama huweka kikomo cha miaka 14 au 16 kwa asiye na mtu mzima. Marekani baa nyingi huruhusu kuanzia 21 tu, na bila kitambulisho chenye picha hutapita hata kama nywele zako zimeanza mvi. Mwenye ulemavu aulize ukumbi kabla ya kununua, kwani kumbi nyingi za Uingereza hutoa tiketi ya bure kwa anayemsaidia.

Kama una wasiwasi kwamba unawaibia wenye nyimbo, uondoe. Ukumbi hulipia leseni ya kupiga muziki hadharani kwa vyama vya hakimiliki, kama PRS for Music kule Uingereza au ASCAP na BMI kule Marekani, na fedha hizo huelekezwa kwa watunzi.

Wiki mbili za kuandaa masikio

Hapa ndipo tofauti kati ya aliyeburudika na aliyefaidi inapoanzia, na kazi yenyewe haichukui zaidi ya nusu saa kwa siku.

Tafuta rekodi ya jukwaani ya bendi ya asili, siyo ya studio. Studio ni mahali ambapo sauti moja inaweza kurudiwa ikawa ishirini. Jukwaani kuna watu wanne na mikono yao. Usipoijua tofauti hiyo utailaumu bendi ya kuenzi kwa jambo ambalo hata wenyewe hawakuliweza. Mfano ni Freddie Mercury. Noti nyingi za juu alizoimba studio, jukwaani aliziteremsha ili kulinda koo. Ukimsikia mwimbaji wa kumuenzi akishuka mahali palepale, hajashindwa. Amesoma rekodi ya jukwaani.

Chagua nyimbo sita. Kila wimbo usikilize mara tatu, na kila mara fuata kitu kimoja:

1. Mara ya kwanza fuata besi tangu mwanzo hadi mwisho, ukiacha sauti ya mwimbaji ipite. Vaa visikizio vya masikioni, kwa sababu spika ya simu haitoi besi kabisa.
2. Mara ya pili fuata dramu, hasa mguu unaopiga dramu kubwa na mkono unaopiga matoazi. Jaribu kugonga mguu wako pamoja nao.
3. Mara ya tatu fuata gitaa la solo na sauti za nyuma. Jiulize nani anaimba juu na nani chini.

Baada ya wiki mbili utakuwa unaijua nyumba kwa vyumba vyake. Usiku wa onyesho hutahitaji kufikiri. Sikio litastuka lenyewe mahali pamekosewa, na litafurahi lenyewe mahali pamepatiwa.

Siku yenyewe

Tiketi ikiandika 19:00 maana yake ni saa 1 usiku, na kwa kawaida hiyo ni saa ya milango, siyo ya muziki. Bendi ya kusindikiza huanza nusu saa au zaidi baadaye, na bendi kuu hupanda jukwaani karibu saa 2 na nusu au saa 3. Kumbi nyingi za Uingereza hulazimika kumaliza kabla ya saa 5 usiku. Angalia saa ya treni au basi la mwisho kabla hujatoka nyumbani, usisubiri kuikumbuka bendi ikiwa kwenye wimbo mliousubiri wote.

Vaa viatu vilivyofungwa na vilivyozoea mguu, kwani utasimama kwa muda wa saa tatu hivi kwenye sakafu yenye bia iliyomwagika. Vaa nguo nyepesi chini ya koti, kwa sababu ukumbi uliojaa huwa na joto la jikoni hata nje kukiwa na theluji. Usibebe begi kubwa. Kumbi nyingi hukataa begi linalozidi ukubwa wa karatasi ya A4, na watakutuma kuliweka mahali pa kulipia. Kula kabla. Maji ya bomba ni bure kwenye baa yoyote yenye leseni ya pombe Uingereza, ukiyaomba tu kaunta.

Simama wapi

Mgeni hukimbilia mbele kabisa. Ni kosa, isipokuwa kama unataka kuona vidole vya mpiga gitaa kwa karibu na hujali maneno. Sauti ya mwimbaji inatoka kwenye spika kubwa za pembeni, ambazo zimeelekezwa juu ya vichwa vya walio mbele. Kwa hiyo ukisimama mbele katikati unasikia dramu na amplifaya za jukwaani moja kwa moja, na mwimbaji unamsikia kama yuko chumba cha jirani. Kisha unalaumu bendi.

Tafuta meza ya fundi mitambo. Kwa kawaida iko theluthi mbili ya ukumbi kuelekea nyuma, karibu na mstari wa katikati. Fundi anachanganya sauti kwa kile masikio yake yanachosikia pale alipo. Hatua chache mbele ya meza yake ndipo mahali bora pa ukumbi. Usisimame nyuma yake kama ukuta uko karibu, maana besi hurundikana kwenye kuta na zaidi kwenye kona, na kila kitu huwa kama ngoma iliyofungwa ndani ya gunia.

Kwenye baa ndogo hakuna meza ya fundi. Chora pembetatu kichwani: spika ya kushoto, spika ya kulia na wewe, pande zote zikilingana. Kama spika ziko mita nne mbali, rudi nyuma mita nne hivi.

Tumia bendi ya kusindikiza kujaribu. Simama sehemu tatu tofauti, dakika tano kila moja, na jiulize: Maneno nayasikia? Matoazi yanang'aa au yanachubua? Noti za besi naweza kuzihesabu moja moja, au ni mngurumo tu? Bendi kuu ikianza utakuwa umeshajua kituo chako.

Kwenye ukumbi wa maigizo wenye viti, nunua katikati ya ghorofa ya chini, lakini usikae chini ya roshani ikiwa imekuja mbele sana, kwa sababu paa lile hukata mwangwi na noti za juu. Kwa bendi za Pink Floyd, safu ya kwanza ya roshani ni bora kuliko zote. Taa na leza zimepangwa kuonekana kwa mbali, na ukiwa chini mbele utaona nusu yake tu.

Mtu mfupi asihangaike kusukumana. Ngazi, kingo za sakafu iliyoinuka na reli za pembeni ni zako ukiwahi.

Linda masikio, na yatakulipa

Wataalamu wa afya kazini Marekani huhesabu kwamba sikio linavumilia desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua nusu. Kwa hesabu hiyo desibeli 100, kiwango cha kawaida kwenye onyesho la roki, zinavumilika kwa dakika 15 tu. Onyesho ni dakika 90 hadi 120.

Vizibo vya povu ni rahisi kupata na vinalinda vizuri, ila hukata noti za juu kuliko za chini, kwa hiyo maneno na matoazi hupotea. Tafuta vya silikoni vyenye kichujio, vilivyotengenezwa kwa wanamuziki. Hivi hushusha sauti yote kwa kadiri inayokaribiana, karibu desibeli 15 hadi 20, na muziki unabaki muziki. Ajabu ni kwamba utasikia zaidi, siyo pungufu, kwa sababu sikio lililozidiwa huchanganya kila kitu.

Ukilazimika kutumia povu, lisokote hadi liwe jembamba kama njiti, peleka mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, ingiza, kisha shikilia kwa kidole kama nusu dakika mpaka povu lijae. Wengi huliacha likining'inia mlangoni mwa sikio na kudhani wamejikinga. Mtoto mletee vifuniko vya kichwani vya watoto, siyo vizibo.

Nini cha kusikiliza: usiku wa Queen, kwa karibu

Tazama kwanza mavazi, yatakuambia mwaka. Nywele ndefu na nguo ya kubana mwili mzima ni miaka ya 1970. Masharubu ni kuanzia 1980. Fulana nyeupe isiyo na mikono na jinzi ni tamasha la hisani la Live Aid, 13 Julai 1985, pale uwanja wa Wembley, London, ambapo Queen walipewa takribani dakika 20 wakaondoka na siku nzima. Koti la njano ni ziara ya 1986. Bendi makini haichanganyi, au ikichanganya hubadilisha nguo katikati.

Kisha tazama maiki. Freddie alishika nusu ya fimbo yake, bila kitako, na akaitumia kama mkuki, gitaa, fimbo ya chifu. Mwimbaji anayeishika huku macho yakiwa kwenye fimbo yenyewe bado anaigiza. Aliyeisahau mkononi ndiye aliyeiva.

Sasa sikiliza gitaa, na hapa kaa kwa muda. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alianza kutengeneza gitaa lake, Red Special, mwaka 1963 pamoja na baba yake, na shingo yake waliichonga kwenye mbao za meko ya zamani. Halipigi kwa plektra, kile kipande cha plastiki cha kukwaruzia nyuzi. Anatumia sarafu ya zamani ya Kiingereza ya peni sita. Ukingo wa sarafu hiyo una meno madogo, na kila noti inapoanza unasikia mkwaruzo mfupi kabla ya sauti yenyewe kufunguka, kama kucha ikigusa hariri. Bendi yenye mpiga solo aliyezama utamwona ana nakala ya gitaa hilo, nyuma yake amplifaya za Vox AC30, na mkononi sarafu. Tazama kidole chake kidogo. Hakanyagi pedali kila mara kupata sauti kali; anafungua na kufunga kitufe cha sauti kilicho kwenye gitaa, amplifaya zikiwa zimefunguliwa hadi mwisho. Chini ya nyuzi kuna vibonye vidogo sita vya kuteleza, na akivigusa kati ya beti sauti itageuka kutoka nene kuwa ya puani. Aliye mbali haoni hilo, ila sikio lililoandaliwa linajua.

Kwenye solo yake ndefu utasikia mwangwi ukirudisha kila msemo, naye anapiga msemo mpya juu ya ule unaorudi, hadi mtu mmoja anakuwa watatu. Hapo mpigaji hana pa kujificha. Akichelewa kidogo tu, gitaa zote tatu zinagombana.

Sauti za nyuma ndicho kipimo kikubwa. Jukwaani Queen walikuwa na sauti tatu: Mercury, May, na Roger Taylor ambaye kutoka nyuma ya dramu alipanda juu kuliko wote. Mtafute mpiga dramu. Kama ana maiki na anaimba noti za juu huku mikono inafanya kazi, umepata bendi ya kweli. Ukisikia kwaya ya watu kumi na mdomo mmoja tu umefunguka, ni sauti ya kurekodiwa.

Pana mahali pamoja ambapo sauti ya kurekodiwa ni halali. Sehemu ya opera katikati ya Bohemian Rhapsody, wimbo wa 1975, Queen wenyewe hawakuiimba jukwaani. Waliondoka, mkanda ukacheza gizani na taa, kisha wakarudi kwa kishindo gitaa linapoingia. Bendi ya kuenzi inayofanya hivyo inafuata asili. Inayoamua kuiimba yote kwa midomo yake imejipa mzigo ambao wenye wimbo waliukwepa, na ikifaulu ipigie makofi hadi viganja viwake moto.

Halafu kuna kuitikiana. Freddie alirusha sauti, umati ukairudisha, akairefusha, wakamfuata. Anayetoka kwenye ngoma au taarabu hahitaji kufundishwa kupokea. Itikia kwa sauti kamili. Bendi hizi huishi kwa majibu, na ukumbi unaojibu hupata nyimbo za ziada.

Kwa AC/DC usihadaiwe na sare ya mwanafunzi ya mpiga solo. Sikiliza gitaa la pili lisilotembea, lile la Malcolm Young, ndilo linalobeba nyumba. Kwa Led Zeppelin sikiliza mguu wa kulia wa mpiga dramu. John Bonham alipata mapigo yake ya haraka kwa pedali moja, siyo mbili.

Mambo yanapokwenda vibaya

Nyimbo mbili za kwanza sauti ikiwa na matope, tulia. Mitambo ilipimwa ukumbi ukiwa mtupu, na miili ya watu hunyonya noti za juu, kwa hiyo fundi anahitaji dakika chache kurekebisha. Ikifika wimbo wa tano bado mbaya, hama mahali. Mara nyingi tatizo ni pale uliposimama.

Mwimbaji akiwa amechoka utajua kwa namna anavyowaachia umati kila kibwagizo. Mara moja ni ukarimu, mara nne ni koo limekwisha. Bendi ikiwa imeshusha nyimbo kwa nusu noti, hilo si kosa. Ikishusha sana, gitaa hupoteza mlio wake na nyuzi hulegea kama kamba ya nguo.

Mwanamuziki wa kuazimwa hutambulika kwa macho yanayomfuata mpiga dramu kila mwisho wa ubeti. Mwonee imani. Huenda amejifunza nyimbo ishirini kwa siku tatu.

Simu ipige picha mbili, kisha irudi mfukoni. Video ya roki iliyochukuliwa kwa simu katikati ya umati haitazamwi tena, na aliye nyuma yako alilipa kama wewe.

Baada ya wimbo wa mwisho

Usikimbilie mlango. Bendi nyingi za baa na za kumbi ndogo hutoka baada ya robo saa na kusimama kwenye meza ya fulana. Huo ndio wakati wa kumwuliza mpiga solo kuhusu gitaa lake. Uliza swali moja mahususi, kwa mfano amepataje mwangwi wa ile solo, na utaona uso ukibadilika, kwa sababu karibu kila mtu humwuliza kama anaipenda bendi anayoienzi. Ukiweza nunua fulana. Pesa hiyo huenda kwao moja kwa moja. Na usimdharau aliyesimama pale: Tim Owens alikuwa akiimba kwenye bendi ya kuenzi Judas Priest huko Ohio, na mwaka 1996 Judas Priest wenyewe wakamchukua kuwa mwimbaji wao.

Masikio yakivuma, yapumzishe kimya usiku huo na kesho yake, na mara ijayo ingiza vizibo kabla ya wimbo wa kwanza. Kama yanaendelea kuvuma siku ya tatu, mwone daktari.

Ukishaona bendi tatu au nne, nenda Liverpool mwishoni mwa Agosti kwa wiki ya The Beatles, ambako bendi za kuenzi kutoka nchi nyingi hupiga mchana na usiku, zikiwemo kwenye klabu ya Cavern. Weka malazi miezi kadhaa kabla. Na ukipita Unguja, Shangani kwenye barabara ya Kenyatta kuna jumba dogo la makumbusho ya Freddie Mercury lililofunguliwa mwaka 2019. Lipitie kabla ya usiku wako wa Queen, ukiwa na zile nyimbo sita masikioni.